Injini Haizimiki Bila Kutoa Habari

Katika Kenya wako watu wengi ambao hawajapanda ndege hata siku moja, lakini ni wachache wasioijua sauti yake. Mtu wa Lodwar au wa Mandera akisikia ngurumo ndogo juu ya paa lake hutoka nje na kutazama, maana huenda ni daktari anayekuja, au sanduku la dawa za chanjo, au ndege iliyoitwa kumchukua mgonjwa asiyeweza kuvumilia safari ya gari ya siku nzima. Kazi hii si mpya. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika Afrika ya Mashariki, na hata leo ndege zake huondoka katika kiwanja cha Wilson, Nairobi. Kiwanja hicho chenyewe kimepewa jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa mwaka 1929, wakati ambapo eropleni, kama wazee wetu walivyoziita, ziliundwa kwa mbao na kitambaa.

Wengi wanaoitazama ndege ya namna hiyo huuliza swali moja: ina injini moja tu, je, ikizimika huko juu itakuwaje? Swali hili ni la haki, na yafaa lijibiwe bila kuficha neno. Kwanza, ndege haianguki kama jiwe. Rubani huinamisha pua yake kidogo, nayo huteleza hewani kama mwewe asiyepiga mabawa. Ndege ya watu wanne kama Cessna 172, ikiwa futi 6,000 juu ya ardhi, yaweza kuteleza kadiri ya maili 10 kabla ya kugusa chini, na rubani ana dakika kama 8 za kutafuta mahali. Maili 10 zatosha ukiwa juu ya mashamba ya ngano ya Narok. Hazitoshi ukiwa juu ya msitu wa Aberdare, au juu ya mawe meusi ya Marsabit, au katikati ya Ziwa Turkana jua likizama.

Kwa hiyo watu wa kazi hii hawajipi moyo kwa habari za kuteleza. Hufanya bidii injini isizimike kabisa. Na jambo ambalo somo hili lataka kulieleza ni kwamba injini ya ndege ni nadra kufa kwa ghafula. Mara nyingi huwa imekwisha kutoa habari siku kadhaa kabla, kwa tone, kwa harufu, kwa mtetemo, au kwa chembe ya chuma iliyonaswa katika chujio. Kinachokosekana ni mtu wa kuipokea habari ile. Iko pia habari nyingine ambayo mafundi wenyewe hawapendi sana kuisikia, nayo ni kwamba mara nyingine ugonjwa huletwa na mkono wa mganga. Tutafika huko.

Anayeijua injini ya gari hatapotea akifunuliwa injini ya ndege ndogo. Ndani mna pistoni, silinda, valvu na kranki, kama katika gari. Tofauti ni chache lakini ni kubwa. Haina maji ya kuipoza. Hupozwa na upepo upitao juu ya mapezi ya silinda zake. Haingoji betri ili plagi zake zitoe cheche. Ina magineto mbili zinazojitengenezea umeme zenyewe, na kila silinda ina plagi mbili, moja kwa kila magineto, ili upande mmoja ukifa wa pili uendeleze kazi. Tena haipumziki. Gari hupanda mlima, huteremka, husimamishwa na askari wa barabarani. Injini ya ndege hufanya kazi kwa robo tatu hivi ya nguvu zake, saa baada ya saa. Kiwanda cha Lycoming, ambacho injini zake ni nyingi sana katika ndege za namna hii, kimeziwekea injini zake nyingi za silinda nne kipimo cha saa 2,000 za kazi, au miaka 12, kabla ya kufunguliwa zote na kufanywa upya. Saa 2,000 ni sawa na kuendesha gari maili 100,000 kwa mwendo wa maili 50 kwa saa, huku mguu haujaondolewa juu ya petroli.

Maji ndani ya petroli

Ukifika Wilson saa 12 asubuhi, kabla jua halijapanda, utamwona rubani akizunguka chini ya mabawa akiwa na kichupa cheupe kinachoonyesha ndani. Hukisukuma juu penye kilango kidogo chini ya tangi, petroli ikamwagika ndani yake, naye hukiinua kwenye mwanga na kukitazama kwa makini. Asiyejua angedhani anaiba.

Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hulala chini kabisa ya tangi, karibu na mahali pale petroli inapochukuliwa kwenda katika injini. Ndege ikitulia, maji hutulia nayo. Ikiinua pua kuruka, maji yale husogea, huvutwa bombani, na injini hukohoa ndege ikiwa futi 200 tu juu ya ardhi, wakati ulio mbaya kuliko wote. Maji hayo yatoka wapi? Mengine huingia na mvua kwa sababu mpira wa kifuniko cha tangi umechakaa. Mengine huzaliwa humo humo: tangi lililoachwa nusu usiku lina hewa yenye unyevu, na baridi ya alfajiri huugeuza unyevu ule kuwa matone, kama vile kifuniko cha sufuria kinavyotoa jasho. Ndiyo maana ni desturi njema kulijaza tangi jioni baada ya safari, wala si asubuhi.

Hapa pana mtego mmoja ambao umewanasa hata watu wenye elimu. Mwanafunzi huambiwa atazame kichupani kama kuna mstari kati ya maji na petroli. Hutazama, haoni mstari, hufurahi. Lakini ikiwa kichupa chote kimejaa maji matupu, mstari utatoka wapi? Kwa sababu hiyo imempasa kutazama rangi pia, na kunusa. Petroli ya ndege itumiwayo sana siku hizi, iitwayo 100LL, hutiwa rangi ya buluu. Maji hayana rangi. Mafuta ya ndege za jeti nayo hayana buluu hiyo. Hayo ni jamii ya mafuta ya taa, na yakitiwa kwa makosa katika ndege ya pistoni, injini huanza vizuri kwa petroli iliyobaki mabombani, huenda hata ikaipeleka ndege hewani, kisha hujivunja yenyewe kwa joto na mapigo. Mwenye shaka na adondoshe tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli itakauka iondoke. Mafuta ya jeti yataacha duara, kama mandazi yaachavyo juu ya gazeti.

Katika viwanja vya mbali, ambako petroli huwekwa katika mapipa, hatari huongezeka. Pipa likisimamishwa wima nje, maji ya mvua hutuama juu ya uso wake. Mchana pipa hupata joto na hewa ya ndani hutanuka. Usiku hupoa, na katika kupoa huko hewa hunywea na kuyavuta maji kupitia kizibo ambacho mtu angeapa kuwa kimefungwa. Mapipa yapaswa kulazwa ubavuni, vizibo viwili vikikaa sawasawa, kimoja kushoto na kimoja kulia, ili petroli ivifunike kwa ndani. Na wakati wa kupiga pampu, bomba lisiguse chini ya pipa, na petroli yote ipite katika chujio la kuzuia maji. Kazi hii huchosha, hasa chini ya jua la Garissa, na hapo ndipo mtu husema: leo tuiache.

Habari ya kuishiwa petroli kabisa sitaieleza kwa urefu, maana haihitaji elimu. Mishale ya kuonyesha petroli katika ndege ndogo hudanganya mara kwa mara. Kijiti chenye alama, kikitumbukizwa tangini kabla ya safari, hakidanganyi. Hata hivyo kuishiwa petroli ni moja ya sababu kubwa za injini kuzimika angani ulimwenguni kote, na ni aibu.

Debe lenye tundu moja

Kila mama aliyewahi kumimina mafuta kutoka katika debe ajua kwamba tundu moja halitoshi. Mafuta hutoka kidogo, hukatika, hutoka tena kwa kugugumia. Ukitoboa tundu la pili upande wa juu, hewa huingia na mafuta hutiririka. Tangi la ndege lina tundu lake la pili, kijibomba chembamba cha kuingiza hewa. Kikizibwa, petroli hubaki tangini tele, na injini hufa njaa.

Mtu mmoja wa Kenya alijifunza jambo hili kwa njia ngumu kuliko wengi. Bibi Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kufanya kazi ya urubani katika nchi hii, aliondoka Abingdon, Uingereza, jioni ya tarehe 4 Septemba 1936, akiwa peke yake katika ndege ya injini moja aina ya Vega Gull. Alikusudia kuivuka bahari ya Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, upande ambao upepo humkabili msafiri usoni, na kufika New York. Alikaa hewani zaidi ya saa 20. Nchi kavu ilikuwa imekwisha kuonekana injini ilipoanza kukatika. Barafu ilikuwa imeziba vijibomba vya hewa vya tangi. Akashuka katika kinamasi cha Cape Breton, huko Nova Scotia, Kanada. Ndege ilichoma pua yake katika tope, naye akatoka na jeraha la kichwa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari ile peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi bila kutua, na hapana aliyempunguzia sifa kwa sababu ya tope lile. Lakini tazama kilichomzuia asifike New York. Injini haikuvunjika. Kilichomshinda ni tundu.

Hapa kwetu barafu ya namna hiyo ni nadra kwa ndege inayoruka chini, lakini tunaye nyigu. Nyigu wa udongo, yule ajengaye vijumba vya tope juu ya kuta zetu, hupenda sana tundu jembamba lenye kivuli, wala hachelewi kulimaliza. Ndege iliyokaa juma zima bila kuruka lazima itazamwe kila tundu lake. Ndege wenye manyoya nao hujenga: huingiza majani makavu juu ya injini, chini ya kifuniko chake, na majani hayo huuzuia upepo wa kupoza, au hushika moto.

Iko barafu ya namna nyingine, ambayo watu hawaiamini wakiambiwa. Kabureta yaweza kuganda barafu mchana, hewa ikiwa na joto la nyuzi 20 za Sentigredi, siku ya ukungu kama zile za Limuru. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta hunyang'anya joto, kama vile spiriti iburudishavyo ngozi kabla ya sindano. Hewa nayo hupoa zaidi ikipita katika koo jembamba, na unyevu wake huganda kwenye koo lile lile. Injini hupoteza nguvu polepole, bila kelele. Dawa yake ni hewa ya moto iliyopita juu ya bomba la moshi, ambayo rubani huiita kwa kuvuta kipini. Kazi ya fundi ni kuhakikisha kwamba kipini kikivutwa mlango wa hewa ya moto hufunguka kweli. Waya uliokatika hausemi. Mkono wa rubani huvuta, na huko mbele hakuna kinachosogea. Kwa hiyo hujaribiwa chini kabla ya safari: kipini kikivutwa, mizunguko ya injini lazima ipungue kidogo, maana hewa ya moto ni nyepesi. Isipopungua, usiruke.

Yaliyomo ndani ya chujio

Fundi mmoja mzee aliniambia kwamba kama angeruhusiwa kukiona kitu kimoja tu cha injini asiyoijua, asingetaka kuisikia ikinguruma. Angetaka apewe chujio lake la mafuta. Mafuta ya injini hubadilishwa kila saa 50 za kazi, au kila miezi 4 hata kama saa hizo hazijatimia. Injini isiyo na chujio la karatasi, yenye wavu wa chuma tu, hubadilishiwa kila saa 25. Watu wengi hudhani kazi imekwisha mafuta mapya yakiisha kutiwa. Kumbe kazi ya akili ndiyo yaanza hapo. Chujio la zamani hukatwa kwa chombo chake maalum, wala si kwa msumeno, maana msumeno utaongeza unga wake wa chuma. Karatasi ya ndani hukamuliwa, ikatandazwa na kutazamwa penye mwanga. Chembe chache kama vumbi si ajabu, hasa injini ikiwa mpya. Vipande vinavyomeremeta ni jambo jingine. Fundi husogeza sumaku. Vikiirukia, ni chuma cha pua, pengine kutoka katika kamshafti inayosukuma valvu. Visiporuka, huenda ni alumini ya pistoni au shaba ya bushi. Hivyo huanza kuijua sehemu inayolika kabla hajalegeza hata bolti moja ya injini.

Jambo moja huwashangaza wengi, nalo ni kwamba injini ikaayo bure huweza kuharibika upesi kuliko ile ifanyayo kazi kila siku. Mafuta huteremka taratibu, vyuma vya juu hubaki uchi, na kutu huanza, hasa Malindi na Lamu ambako hewa ina chumvi. Wako wenye ndege ambao huiwasha dakika tano kila Jumamosi wakidhani wanaitunza. Wanaidhuru. Dakika tano haziipi injini joto la kukausha maji yaliyomo ndani yake. Huongeza unyevu tu. Heri iruke hata mafuta yake yapate joto vizuri, ama iachwe kwa muda mrefu ikiwa imetiwa mafuta ya kuhifadhi.

Kila saa 100 hufanywa ukaguzi mkubwa zaidi, na ndani yake mna kupima silinda. Kila moja hutiwa hewa kwa nguvu ya ratili 80 kwa inchi ya mraba, na geji ya pili huonyesha ni kiasi gani kinachobaki. Msaidizi hushika rafadha kwa nguvu zote, maana hewa ile yaweza kuizungusha ikamvunja mtu mkono. Fundi mvivu huandika tarakimu akaondoka. Fundi hasa huinamisha sikio. Hewa ikipiga mluzi katika bomba la moshi, valvu ya moshi haifungi. Mluzi ukitoka upande wa kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ukisikika katika tundu la kutilia mafuta, ringi za pistoni zimechoka.

Juu ya vumbi, kila dereva wa lori wa Turkana aweza kutufundisha: chujio la hewa lililochanika ni msasa ndani ya silinda. Juu ya magineto nitasema kidogo. Kabla ya kuruka, rubani huipandisha injini mpaka mizunguko 1,700 au 1,800 kwa dakika, huzima magineto moja, huirudisha, kisha huzima ya pili. Kila mara mizunguko hupungua kidogo. Ikipungua zaidi ya 150, au tofauti ya pande mbili ikizidi 50, vitabu vya ndege nyingi za namna hii hukataza kuruka. Lakini isipopungua hata kidogo, asifurahi. Huenda waya wa kuizimia umekatika, na magineto ile haizimiki kabisa, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Mtu akija baadaye kuifuta rafadha vumbi na kuisogeza kwa mkono, injini yaweza kuwaka ikamuua.

Mkono wa fundi

Sasa tufike pale tulipoahidi. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, C. H. Waddington, mtaalamu wa elimu ya viumbe, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliochunguza hesabu za ndege za Uingereza zilizowinda nyambizi za adui baharini. Ndege zile zilikuwa na ukaguzi wa kila saa 50. Mtu angetazamia kwamba baada ya ukaguzi ubovu ungekuwa mdogo, kisha uongezeke polepole mpaka ukaguzi ufuatao. Hesabu zilionyesha kinyume. Ubovu ulikuwa mwingi mara tu baada ya ukaguzi, kisha ukapungua kadiri ndege ilivyozidi kuruka. Yaani ukaguzi wenyewe ulikuwa ukivuruga vitu vilivyokuwa vizima. Tangu hapo watu wenye busara katika kazi hii hutofautisha kutazama na kufungua. Kutazama mara nyingi hakuna hasara. Kufungua kitu kizima, kwa sababu tu tarehe yake imefika, lazima kuwe na hoja yake.

Hayo hayatushangazi sisi tuliokwisha kupeleka magari kwa mafundi. Mwaka mmoja nilibadilishiwa mafuta ya gari katika gereji moja, nikaondoka nimeridhika kwenda Nakuru. Kizibo cha chini cha mafuta kilikuwa kimekazwa kwa vidole tu. Nilipokuwa nikiteremka Bonde la Ufa taa nyekundu iliwaka, na kabla sijapata mahali pa kuegesha injini ilikwama. Nilikaa kando ya barabara saa tatu, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikapigana na hasira. Hasara yangu ilikuwa fedha. Katika ndege, kizibo kama kile hufungwa kwa waya mwembamba uliosokotwa na kuvutwa upande wa kukaza, ili kisilegee hata injini itetemeke vipi. Na waya ule ukisahauliwa, huko juu hakuna kando ya barabara wala mahindi.

Kwa hiyo katika mabanda mazuri ya ndege pana desturi ambazo mgeni huziona kama ushirikina. Spana zote huhesabiwa, na kila moja ina kivuli chake kilichochorwa ubaoni. Jioni kivuli kikiwa kitupu, ndege haitoki mpaka spana ionekane. Fundi aliyeitwa kwenye simu katikati ya kukaza nati haendelei pale anapodhani aliachia, bali hurudi nyuma nati kadhaa na kuanza tena. Bomba lililofunguliwa huzibwa na kuwekewa alama nyekundu. Kazi iliyo kubwa hutazamwa na mtu wa pili ambaye hakuifanya, kwa kuwa jicho la aliyeifanya huona alichokusudia hata kama hakipo. Kisha yote huandikwa katika kitabu cha injini, pamoja na tarehe, saa za injini, na sahihi ya mwenye leseni. Mimi kazi yangu ni ya kalamu, nami nimeona sahihi nyingi zikitiwa chini ya karatasi ambazo mwenye sahihi hakuzisoma. Fundi wa ndege hana ruhusa hiyo.

Injini iliyoamka vibaya

Habari hii ya mwisho nilipewa na fundi yule yule mzee. Asubuhi moja ndege ya injini moja ilikuwa tayari kwenda upande wa Marsabit kumchukua mama mjamzito aliyekuwa na shida ya kujifungua. Rubani, kijana mwenye bidii, aliiwasha. Ikatetemeka kama dakika mbili, mithili ya gari ambalo plagi moja haifanyi kazi, kisha ikapata joto na kutulia. Akaijaribu magineto, ilikuwa nzuri. Mafuta yalikuwa na nguvu yake ya kawaida. Alipokuwa akingoja karatasi alimtajia fundi jambo lile kwa kucheka.

Fundi hakucheka. Akamwuliza, "Na jana iliamkaje, Kapteni?"

"Jana pia ilikohoa, Mzee, lakini kidogo. Sasa ni nzima kabisa, isikilize."

"Naisikia. Izime."

"Mzee, kuna mama anangoja."

"Najua. Na atakapopanda, nataka silinda zote nne zimpandishe."

Rubani alikasirika, na mkuu wa ofisi naye alitoka nje kuuliza sababu ya kukawia. Fundi aliwaeleza kwamba injini inayotetemeka ikiwa baridi na kupona ikipata joto huenda ina valvu ya moshi inayokwama katika kijibomba chake. Masizi na risasi ya petroli hugandamana juu ya shina la valvu. Asubuhi hukwama kwa muda mfupi, kisha huachia, na kila mtu husahau. Siku moja hukwama ndege ikiwa hewani, na wala haiachii. Hawakumwamini sana, lakini sahihi ilikuwa yake.

Ndege nyingine iliazimwa kwa jirani, ikaondoka saa 4 badala ya saa 2. Mchana ule fundi aliifungua silinda ile. Shina la valvu lilikuwa limevikwa ukoko mweusi mgumu, na ufito unaoisukuma valvu ulikuwa umekwisha kupinda, kidogo tu, kiasi ambacho huwezi kukiona mpaka uuviringishe juu ya meza tambarare. Alimwita rubani akauviringisha mbele yake mara mbili. Kisha alisafisha ukoko, akatia ufito mpya, akaandika mistari minne katika kitabu cha injini. Ndege iliyoazimwa ilirudi alasiri na mama yule akiwa hai, naye akapelekwa hospitali kwa gari lililokuwa likingoja kiwanjani.